Mafigo ya wamama wetu nayo ni mali ya kooperative

Katika kooperative zetu tunapima vitu vingi. Tunapima kilo za kahawa mbele ya kulipa. Tunapima ukavu wa mahindi mbele ya kuyaingiza depo. Tunapima shamba mbele ya kugawa mbegu. Lakini mama wa miaka 45 au 55, ambaye mikono yake ndiyo ilileta zile kilo, yeye hakuna anayempima. Leo tunaandika juu ya ugonjwa wa mafigo wa muda mrefu, na maoni yetu ni haya: kooperative yenyewe ianze kupima tansio na mikojo ya wamama wake, bila kungoja mradi wowote uje kuwafanyia.

Ugonjwa unaokula ndani

Mafigo ni mawili, kila moja ukubwa wa ngumi, yako mgongoni chini ya mbavu. Usiku na mchana yanachuja damu, yanatoa uchafu kupitia mikojo, yanapanga maji na chumvi ya mwili, na yanasaidia mwili kutengeneza damu. Yakianza kuharibika polepole, mwili hausemi kitu kwa miaka.

Mkulima wa muhogo anajua jambo hili vizuri. Kuna ugonjwa ambao majani yanabaki mazuri na mti unasimama, lakini siku ya kungoa unakuta mizizi imeoza ndani. Mafigo ni vile vile. Siku mama anaona miguu inavimba, uso umejaa asubuhi, mikojo ina povu, chakula hakina ladha, mwili unawasha na nguvu ya jembe imekwisha, sehemu kubwa ya kazi ya mafigo imekwisha kupotea. Na kwa ugonjwa huu, kilichopotea hakirudi. Kinachowezekana ni kulinda kile kilichobaki.

Hapo ndipo jamaa inaanza kuzunguka. Huku kwetu Kivu wengi wanasema ni karuho. Wanauza mbuzi, kisha ngombe, kisha kipande cha shamba, wakitafuta mtu wa kutapisha sumu. Hatumcheki mtu, kwa sababu kila jamaa inatafuta kuponyesha mama yao. Lakini kama shida ni tansio iliyopanda miaka kumi bila kupimwa, kutapika hakutaishusha, na muda unakwisha.

Tusifikiri pia kwamba ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri. Duniani karibu mtu mmoja kati ya kumi ana mafigo yenye shida. Hapa nchini, uchunguzi wa Kinshasa uliotangazwa mwaka 2009 ulikuta karibu watu 12 kati ya 100 wana ugonjwa huu, na wachache sana kati yao walikuwa wanajua.

Kwa nini wamama wa umri huu

Ugonjwa huu unashika wababa pia. Lakini mama wa kijiji ana njia yake ya kuufikia.

Akiwa na mimba, anaenda CPN na tansio yake inapimwa. Akizaa mtoto wa mwisho, hesabu inafungwa. Kuanzia siku hiyo anaenda kituo cha afya kwa kupeleka wajukuu, si kwa ajili yake. Kumbe tansio inapenda kupanda ndani ya miaka hiyo hiyo, na tansio ya juu pamoja na ugonjwa wa sukari ndivyo vinavyoharibu mafigo zaidi. Tena, mama aliyepata tansio ya mimba au kifafa cha mimba zamani, hata kama alipona, yuko katika hatari zaidi ya kupata tansio na shida ya mafigo baadaye. Ni wangapi kati yetu waliambiwa hivyo siku ya kutoka maternite?

Kisha kuna dawa za maumivu. Kulima, kubeba kuni, kubeba kahawa mpaka stasion: mgongo unauma kila jioni. Sokoni, ibuprofeni na dikilofenaki zinauzwa mojamoja kama bonbon. Kumeza moja siku moja kwa mtu mzima wa afya si jambo kubwa. Kuzimeza kila siku kwa miezi, huku tansio iko juu au mwili umekauka maji, kunaumiza mafigo. Parasetamoli, kwa kipimo alichosema muganga, haina hatari hiyo kwa mafigo. Nayo majani na mizizi ya kienyeji yanayonywewa bila kipimo, mengine yanaweza kuumiza mafigo vilevile.

Jua nalo si mchezo. Katika nchi za El Salvador na Nicaragua, wafanyakazi wengi wa mashamba ya miwa walipata ugonjwa wa mafigo bila kuwa na tansio wala sukari, na waganga wanaona kazi ngumu katika joto kali ni sababu moja kubwa. Mama anayelima mpunga katika bonde la Ruzizi kuanzia asubuhi mpaka saa nane, bila bidoni ya maji na bila kivuli, anapaswa kusikia habari hiyo.

« Sisi tuko watu wa kahawa, hatuko hospitali »

Tunajua maneno hayo yatasemwa katika mkutano. Tunajibu hivi.

Kwanza, hesabu. Mama akianguka, deni la mbegu halilipwi, shamba lake halilimwi, binti anaacha masomo ili amtunze. Mafigo yakikufa kabisa, kunabaki mashine ya kuosha damu. Mgonjwa anaenda kwenye mashine hiyo kwa kawaida mara tatu kwa juma, karibu saa nne kila mara, maisha yake yote. Mashine hizo ziko katika miji michache mikubwa. Mama wa Shabunda atafika Bukavu mara tatu kwa juma kwa njia gani, na kwa pesa ya nani? Kwa mama wa kijiji, kungoja mpaka mashine ni kungoja kifo.

Pili, sheria. Sheria ya OHADA inayoongoza kooperative zetu inahesabu kati ya misingi ya kooperative kujitolea kwa faida ya jamii. Afya ya wanamemba haiko nje ya mlango wetu.

Tatu, wengine watasema ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai. Lakini tansio haingoji bajeti. Na kooperative ina kitu ambacho kituo cha afya hakina: siku ambapo wamama wote wanakuja pamoja, nayo ni siku ya kupima mazao.

Tunapendekeza nini

• Kooperative inunue mashine moja ya kupima tansio. Bei yake haipiti ya pampu mbili za kupulizia dawa shambani. Wanamemba 120 wakitoa franka 1 000 kila mmoja, ni franka 120 000, mwanzo mzuri kabisa. Ile kasha ya msaada ya AVEC inaweza kuongeza.

• Kamati iongee na infirmye titulere wa kituo cha afya, aje au atume mtu siku ya kupima mazao, angalau mara mbili kwa mwaka. Tansio ipimwe kwa kila mwenye miaka 40 na zaidi. Ikifika 140 kwa 90 au kupita, irudiwe siku ingine, kisha mama apelekwe. Mikojo ipimwe kwa bandeleti, kuona kama kuna protini au sukari.

• Tunanunua mbolea pamoja ili bei ishuke. Tukubaliane na kituo cha afya juu ya dawa za tansio namna hiyo hiyo, zisikosekane. Dawa hizo ni za kila siku. Mama asiziache kwa sababu anajisikia vizuri: anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza.

• Salongo na kazi ya pamoja zianze mapema, na maji safi na kivuli viwe karibu. Nyumbani, tupunguze chumvi: kijiko kidogo kimoja kwa mtu kwa siku kinatosha, ukihesabu ile ya ndani ya chakula. Makayabu iloweshwe na maji yamwagwe mbele ya kuipika.

• Wababa wasikie pia. Mara nyingi wao ndio wanaamua kama pesa ya kwenda hospitali inatoka ao haitoki. Itoke wakati mama bado anatembea kwa miguu yake.

Mkutano mkuu ujao, mbele ya kugawa faida, mtu mmoja ainuke na aulize: je, tansio ya wamama wetu ni ngapi? Kama hakuna anayejua, basi kazi ya kwanza ya mwaka imepatikana.