Dada wa Kazi Si "Kama Mwanangu", Ni Mfanyakazi

Hapa chuoni midahalo ya jinsia inajaza ukumbi. Tunapiga makofi, kisha likizo tunarudi nyumbani na kuagiza chai kwa msichana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Tunamwita "beki tatu" na kucheka. Jamani, tusidanganyane, mjadala wa jinsia unaanzia hapo jikoni.

Wengi husema kazi za ndani ni za kike kwa asili. Historia inakataa. Enzi za ukoloni Tanganyika, watumishi wa majumbani wengi walikuwa wanaume, ndiyo maana neno "boi" likaingia kwenye lugha yetu. Mwanasosholojia Janet Bujra aliandika kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu kazi hiyo ilivyogeuka kuwa ya wanawake. Sasa hiyo asili iko wapi? Mimi naona tunatafuta tu mtu wa kulipwa kidogo na kunyamaza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumsahau: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki, likizo ya mwaka siku 28. Shida ni kwamba kazini kwake ndiko anakolala. Mwanaume wa nyumba hiyo akimsumbua usiku, naye akasema, anaweza kupoteza kazi na kitanda siku moja. Halafu kuna lile neno tamu, "huyu ni kama mwanangu". Mtoto hadai mshahara wala likizo. Lakini mtoto mwenyewe yuko chuoni anasoma.

Najua mtaniambia waajiri nao hali ngumu. Kweli, wengi ni akina mama walimu na manesi. Ila bila dada huyo wasingefika kazini, kwa hiyo jasho lake limo ndani ya mshahara wao.

Wenzangu wa mwaka wa tatu, mkienda kwake na madodoso, mwachieni pia karatasi yenye haki zake na mumwelekeze CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Na sisi wote, likizo hii tumuulize mzazi: dada ana mkataba? Anapumzika siku gani? Siku hiyo ikipangwa, ingia wewe jikoni, hasa kama ni mtoto wa kiume.