MKONO WA NANI UPIME BOMBA?

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda na misafara kati ya Pwani na Tabora walipewa posho yao kwa nguo. Nguo hiyo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Mtoaji alipenda apime mwenye mkono mfupi; mpokeaji alimtafuta mwenye mkono mrefu. Ugomvi huo haujaisha. Umehamia katika mabomba ya maji.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, amejenga nyumba yake Goweko, kituo cha reli ya kati upande wa mashariki wa Tabora. Tangi lake la maji ya mvua ndilo akiba ya kiangazi. Mwanawe alimletea koki nzuri kutoka Marekani, imeandikwa nusu inchi. Kiungo kilichonunuliwa Tabora nacho ni nusu inchi. Fundi akafunga, koki ikaingia mizunguko michache, kisha ikagoma. Akaongeza utepe, akakaza kwa nguvu. Kulipokucha, nusu ya tangi ilikuwa imemwagika mchangani.

Mzee akamlaumu fundi, kumbe walihitilafiana vipimo. Hesi ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, hukatwa kwa pembe ya nyuzi 55. Ya Kimarekani kwa nyuzi 60. Kwa nusu inchi zote mbili zina meno 14 katika kila inchi, ndiyo maana huanza kwa kupatana na kumaliza kwa kugombana. Hata jina lenyewe linahadaa: hesi hiyo ya Kiingereza ina upana wa karibu milimita 21 kwa nje, na nusu inchi ya rula ni milimita 12.7 tu.

Kwa sababu hiyo wako wanaoshauri kwamba kila nchi iache kanuni zake za mabomba, ifuate kanuni za ujenzi za kimataifa. Kuhusu vipimo, safu hii inakubali. Shirika la Viwango letu liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ili mnunuzi asibahatishe. Jirani zetu wa Kenya nao walitumia kanuni za ujenzi za mwaka 1968 hadi walipotangaza mpya mwaka 2024.

Lakini kupima bomba si sawa na kuijua nyumba. Kanuni nyingi za nje ziliandikwa kwa ajili ya miji ambayo maji hayakatiki. Kwetu maji mara nyingi huja kwa zamu, na bomba lililokauka hunyonya. Mpira ulioachwa ndani ya ndoo ya nguo chafu hunyonywa. Ufa wa bomba lililopita karibu na shimo la choo hunyonya pia. Maji yakirudi, mtoto ndiye wa kwanza kuyanywa. Hata miji mikubwa imeadhibiwa: mwaka 1933 mabomba mabovu ya hoteli mjini Chicago yalichanganya maji safi na machafu, watu 98 wakafa kwa kuhara damu.

Basi tupokee kipimo cha dunia, lakini vifungu vya tangi, vya mgao wa maji na vya shimo la choo viandikwe na wanaoijua Goweko. Tena viandikwe kwa Kiswahili, kwa maana kanuni asiyoweza kuisoma fundi haimlindi mtu yeyote.

Wakati tukingoja, ndugu msomaji, fanya haya matatu. Jaribu koki na kiungo kwa mkono kabla ya kulipa. Mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa beseni, usizame majini. Na tangi la mvua usiliunganishe moja kwa moja na bomba la mtaa, usije ukawanywesha jirani uchafu wa paa lako.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanuni ngeni nazo zije. Lakini mwenyeji apone kweli.