Kipande cha Kopo Hakishiki Stemu

Wasee, leo nitawakanyaga vidole kidogo. Ile tabia ya kukata kopo la soda, kulizungusha kwenye stemu ili iache kucheza ndani ya foki, halafu mtu anaondoka akicheka ati "imeshika", mimi siikubali. Sijali ni baiskeli ya kuendea duka tu. Stemu ndiyo inashika usukani. Ikizunguka ukiwa unashuka mteremko, usukani unaenda kushoto, gurudumu linaenda linakotaka, na wewe unaenda kuisalimia lami kwa meno.

Naongea sasa kwa sababu baiskeli za milimani za zamani zimerudi kwa fujo. Kila mara natumiwa picha ya fremu ya chuma ya miaka ya 90, ya mitumba, imepigwa rangi poa, na swali ni lile lile: "Buda, hii foki itaingia?" Jibu langu linaboesha watu. Siwezi kusema. Picha haina milimita. Nipe vipimo.

Chanzo cha hii noma ni historia. Foki ina bomba linalopanda ndani ya shingo ya fremu. Kwa baiskeli za mwanzo za milimani bomba hilo lilikuwa na thredi juu: nati mbili zinakaza beringi, na stemu inateremka ndani ya bomba, halafu bolti ndefu inavuta kabari huko chini hadi ibane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Dia-Compe ikaleta Aheadset, wazo la mvumbuzi John Rader. Thredi zikatupwa, stemu ikaanza kushika bomba kwa nje. Lakini viwanda havikuhama siku moja. Kwa miaka kadhaa mifumo yote miwili ilitengenezwa, tena kwa unene tofauti: inchi 1, inchi 1 na moja ya nane, na Gary Fisher naye akaja na inchi 1 na robo, akaiita Evolution. Sisi huku kontena linafunguliwa na vyote vinamwagwa kwenye rundo moja.

Sasa shika hizi namba. Bomba lenye thredi la inchi 1 ni milimita 25.4 kwa nje, na stemu inayoingia ndani yake ni 22.2. Bomba la inchi 1 na moja ya nane ni 28.6 kwa nje, stemu yake ya ndani ni 25.4. Lile la Fisher ni 31.8 kwa nje, stemu 28.6. Umeona mtego? 25.4 ni bomba, ni stemu, na pia ndiyo unene wa usukani wa zamani pale katikati stemu inapoushika. 31.8 nayo leo ni unene wa usukani wa kisasa. Kwa hivyo mtu akikuambia anauza "stemu ya 25.4", hajakuambia kitu bado. Muulize: 25.4 ya wapi?

Halafu kuna ile ndogo inayodanganya kila mtu, 21.1. Baiskeli nyingi za bei ya chini zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina stemu ya unene huo. Ukiichukua uiweke kwenye foki inayotaka 22.2, inaingia bila shida. Inaingia vizuri sana, na hapo ndipo shida iko. Tofauti ni kama milimita moja, jicho halioni. Unakaza bolti, kabari inafika mwisho wake, unazungusha uwanjani kwa jirani, fiti kabisa. Kisha siku moja unakwepa shimo, unavuta usukani kwa nguvu, na stemu inazunguka peke yake. Hapo ndipo kopo la soda huingia kwenye hadithi. Ukiwa na 22.2 na bomba linataka 21.1, kinyume chake hutokea: stemu inakataa, mtu anachukua grainda anaipunguza. Zote mbili ni kamari, na dawa ya zote mbili ni moja: tafuta stemu ya saizi yake. Zipo, na si bei ya kukufanya ulale njaa.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Yangu ina kopo miaka miwili na haijawahi kunitupa." Sawa. Haijawahi kupewa sababu. Ukienda polepole barabara tambarare stemu haifanyi kazi kubwa. Kazi yake halisi ni ile sekunde moja matatu inakatiza mbele yako na unashika breki zote mbili ukiwa umeegemeza uzito wote mikononi. Hiyo ndiyo sekunde uliyonunulia stemu.

Na tafadhali tusimwangushie fundi lawama yote. Nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi, naona jinsi inavyoenda. Msee analeta foki kutoka kwa fremu moja, stemu kutoka kwa nyingine, doo ni ya chai, na anasema "fanya tu ishike". Fundi ana familia. Atafanya ishike. Ukitaka kazi safi, mpelekee vitu vinavyoingiana. Nyinyi mkiwa kikundi cha kuendesha pamoja, changeni mnunue venia kalipa moja. Zile za plastiki ni bei rahisi na zinatosha kutofautisha 21.1 na 22.2. Rula ya shule haitoshi.

Jambo lingine ni urefu. Fremu nyingi za zamani ni fupi mbele, na mtu mrefu anataka usukani upande juu. Sasa anavuta stemu hadi ile alama ya mwisho inaonekana nje. Zii. Ile alama haikuwekwa kama urembo. Ikivuka, kabari inabana pale juu bomba lilipokatwa thredi, mahali chuma ni chembamba zaidi, na unaweza kupasua bomba lenyewe. Kama alama imefutika, mimi huacha si chini ya sentimita 6 na nusu ndani. Bado iko chini? Nunua stemu ndefu, au adapta.

Hiyo adapta ndiyo kitu ningependa kila mwenye fremu ya zamani aijue. Ni kijiti kinachoingia kwenye bomba lenye thredi kama stemu ya kawaida, 22.2 au 25.4, lakini juu yake kina unene wa 28.6, kwa hivyo stemu yoyote ya kisasa ya saizi hiyo inakaa hapo. Unapata urefu, unapata usukani wa 31.8, na foki yako ya asili haiguswi. Inashinda kuchomelea. Inashinda pia ile akili ya kufunga stemu ya kisasa moja kwa moja juu ya thredi, ambayo nimeiona kwa macho yangu na sitaki kuiona tena.

Walio na foki isiyo na thredi, msicheke sana, na nyinyi mna yenu. Ile bolti ya juu, ya kifuniko, haishiki usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi, basi. Legeza kwanza bolti za pembeni za stemu, kaza ya juu taratibu hadi foki iache kugonga lakini bado izunguke laini, nyoosha stemu na gurudumu, kisha kaza zile za pembeni kwa zamu kufuata namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye stemu. Ukikaza ya juu kwanza kwa hasira huku za pembeni zimebana, unajisumbua bure. Na bomba liishie kama milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu, au wa ringi iliyo juu yake. Likifika nusu tu ya stemu, hiyo foki ilikatwa kwa fremu ya mtu mwingine. Rudisha.

Ambayo inanileta kwa foki za shoku. Manze, tunazipenda kwa picha kuliko kwa barabara. Fremu ya zamani ilichorwa kwa foki ngumu au yenye shoku fupi. Ukiipachika ya kisasa ya milimita 100, mbele inapanda sentimita kadhaa, na kila sentimita 2 zinalaza shingo kwa karibu digrii moja. Usukani unakuwa mzito na mvivu, na shingo ya fremu inavutwa kwa nguvu ambayo haikujengewa. Tena nyingi siku hizi zina bomba nene chini jembamba juu, ambalo halipiti kwenye shingo iliyonyooka ya zamani, na hazina vishikio vya breki za rimu. Kwa hivyo umenunua foki, sasa unahitaji gurudumu jipya, hab ya diski, breki nzima. Kwa fremu uliyoipenda kwa sababu ilikuwa bei ya chini!

Kama foki yako ya chuma haina ufa, haijapinda, na thredi ziko hai, mimi ningeiacha. Chukua hiyo pesa ununue tairi nene zaidi, mradi tu upime nafasi kati ya miguu ya foki na uhakikishe tope pia litapita. Teremsha upepo kidogo. Kwa vumbi la Karura hiyo inatosha kabisa. Na mkishachomoa stemu kubadilisha chochote, pakeni grisi kabla ya kuirudisha, hasa nyinyi wa Mombasa. Alumini ndani ya chuma na hewa ya chumvi hugandana hadi siku ya kuitoa unahitaji maombi. Ikiwa imeganda tayari: legeza bolti mizunguko michache bila kuitoa, weka kipande cha mbao juu yake, gonga mara moja ili kabari ianguke, nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, na uyape usiku mzima.