Jina Litangoja, Tarehe Haingoji

Walimu wengi huisifu meza ya sayansi iliyojaa majani, mbegu na magome. Kwa maoni yangu, meza hiyo ikikosa maandishi haina faida kubwa kwa mwanafunzi.

Tuchukue mfano wa likeni za jenasi ya Usnea, ziningʼiniazo kama nywele matawini katika misitu yenye ukungu ya Mlima Kilimanjaro. Likeni ni kuvu na mwani waishio pamoja. Ukiuvuta polepole unywele mmoja wenye unyevu, ganda la nje hukatika, ukaonekana uzi mweupe unaonyumbuka. Ikikaushwa vema, likeni hudumu miaka mingi ndani ya karatasi iliyokunjwa. Katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu, juu ya karatasi hiyo huandikwa mahali ilipookotwa, mwinuko, mti iliyoota juu yake, tarehe, na jina la mkusanyaji.

Jina la kisayansi laweza kusahihishwa hata baada ya miaka hamsini, maadamu kielelezo kipo. Mahali na tarehe visipoandikwa mapema, hakuna mtaalamu awezaye kuvirudisha. Swinscow wa Uingereza na Krog wa Norwei, waliotoa kitabu juu ya likeni za Afrika Mashariki mwaka 1988, wasingeweza kueleza kila aina huota wapi pasipo kumbukumbu za namna hiyo. Tena, kwa kuwa Usnea hudhuriwa na hewa chafu, ni kumbukumbu za zamani zitakazotuonyesha imetoweka wapi.

Shuleni aghalabu twafanya kinyume. Alama hutolewa kwa jina, wala mwanafunzi haulizwi alikookota jani. Asiyelijua jina hubuni. Katika hebaria kuandika "hakijatambuliwa" ni uaminifu. Darasani tumekufanya kuwa kosa.

Wako watakaosema kwamba darasa la watoto sitini haliwezi kazi hii. Lakini kikundi cha watoto watano chahitaji kielelezo kimoja tu na mistari mitano ya maandishi. Nao waokote matawi yaliyoanguka, kwani likeni hukua polepole mno.

Mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, toa alama kwanza kwa mahali, tarehe na kile mtoto alichokiona kwa macho yake. Jina lifuate baadaye, na likikosekana, nafasi yake iachwe wazi.