Mafuta kwenye Ini: Tuache Kumsuta Mgonjwa

“Ini likijaa mafuta, mwenyewe ama mlevi ama mlafi.” Kauli hii husikika vijiweni, na wagonjwa wengine wameambiwa hivyo hivyo hata na watu wa afya. Kweli, pombe, unene na kisukari hujaza ini mafuta. Lakini wapo watu wazima ambao pombe hawajaonja, wanakula kama majirani zao, na ini limejaa mafuta kwa sababu tezi ya pituitari, kijitezi kilicho chini ya ubongo, haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha. Mwaka 2012 watafiti wa Kobe, Japani, walitangaza matokeo ya kuwachunguza watu 69 wenye upungufu huo. Homoni nyingine zilizopungua walikuwa wanarudishiwa, isipokuwa hiyo moja. Asilimia 77 walikuwa na mafuta kwenye ini. Kwa watu wenye afya waliolingana nao umri, jinsia na unene, ilikuwa asilimia 12. Hapo mlafi ni nani?

“Homoni ya ukuaji ni ya watoto.” Mtu mzima harefuki tena, ila homoni haikomi kutoka, hasa usiku usingizi unapokolea. Kwake yeye hiyo ndiyo inayochochea mafuta ya tumboni kuvunjwa ili yatumike kama nguvu, inayolinda misuli na mifupa, na inayolizuia ini lisitengeneze mafuta kupita kiasi. Ikipungua, tumbo hutuna kwa mafuta yanayozunguka matumbo, misuli hulegea, lehemu mbaya hupanda, na mtu huamka amechoka kama hakulala. Ini hupokea mzigo huo wote.

“Basi hayo ni maradhi ya nadra, ya Ulaya huko.” Hapa ndipo ninapobishana kwa nguvu zote. Kuvuja damu baada ya kujifungua bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi Afrika Mashariki, na tunawahesabu waliokufa kuliko tunavyowafuatilia waliopona. Wakati wa ujauzito pituitari huvimba na kuhitaji damu nyingi. Mama akipoteza damu kwa wingi na presha ikashuka, sehemu ya tezi inaweza kufa. Daktari Harold Sheehan alieleza jambo hili mwaka 1937, na homoni ya ukuaji ni kati ya zile zinazopotea mapema. Mtazame mama huyo nyumbani: mtoto ananyonya lakini maziwa hayatoki, hedhi haijarudi, nywele za kwapa zikinyolewa hazioti tena, na saa saba mchana, jua likiwaka, amejitanda kanga mbili anasikia baridi. Mawifi wanasema amekuwa mvivu. Miaka mingi inaweza kupita kabla hajatokea mtu wa kumuuliza uzazi ule ulikwendaje.

Si wazazi peke yao. Aliyepigwa kichwa vibaya kwenye ajali ya bodaboda anaweza kupungukiwa na homoni hii, na vilevile aliyefanyiwa upasuaji au mionzi kwa uvimbe wa pituitari.

“Vipimo vya damu vya ini viko sawa, kwa hiyo ini ni zima.” Sivyo. Vimeng’enya vya ini vinaweza kuwa vya kawaida huku makovu yanajengeka. Mwaka 2004 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 21 wenye hitilafu ya pituitari au ya sehemu ya ubongo inayoiongoza, wote wakiwa na mafuta kwenye ini. Kati ya 10 waliokatwa kinyama cha ini kupimwa, 6 ini lilikuwa limeshasinyaa kwa makovu. Kundi ni dogo, na kwa kawaida anayekatwa kinyama ni yule aliyekwisha kutiliwa shaka, kwa hiyo tusiseme kila mgonjwa atafika huko. Ila hatuwezi kuita jambo hilo dogo.

“Basi adungwe homoni, mafuta yayeyuke.” Polepole. Watafiti wale wa Kobe waliona ini likipata nafuu kwa wagonjwa waliorudishiwa homoni, lakini utafiti wa Liverpool, Uingereza, wa mwaka huohuo 2012, haukuona mafuta ya ini yakipungua. Mjadala haujafungwa, na anayeahidi uponyaji anasema zaidi ya anachokijua. Sindano hizi ni kwa aliyethibitishwa kuwa na upungufu, kwa kipimo maalumu cha kuichochea tezi, maana homoni hutoka kwa mafungu na damu ya kuchotwa mara moja haisemi kitu. Zinaweza kupandisha sukari na kuvimbisha miguu, na mwenye saratani inayoendelea hapewi. Zile zinazouzwa kwa siri kwa wanaojenga misuli zisiguswe kabisa.

Na kuna jambo la kutangulizwa, ambalo wanaokimbilia sindano hulisahau. Pituitari iliyoumia mara nyingi hushindwa pia kuamuru homoni iitwayo kotisoli na zile za tezi ya shingoni zitolewe. Kupungua kwa kotisoli kunaweza kuua, na homoni ya ukuaji ikianzishwa inaweza kuufichua upungufu uliokuwa umejificha. Kwa hiyo mama aliyewahi kuongezwa damu baada ya kujifungua, na sasa ameambiwa ini lina mafuta, aitaje historia hiyo kliniki hata kama mtoto yule sasa anasoma sekondari, na aombe kotisoli ipimwe kwanza.