Folda ya "install" imefutwa?

Mwandishi wa makala ameeleza vizuri namna ya kusakinisha OpenCart, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, kwenye seva ya kukodi, ila amepita haraka pale ambapo naona ndipo kazi ilipo. Duka likishafunguka, folda ya "install" ifutwe palepale. Kisha "storage" ihamishwe nje ya eneo linalofikiwa na kivinjari. Programu yenyewe huonya kuhusu hilo msimamizi anapoingia, lakini wengi hulifunga onyo wakaendelea kupanga picha za viatu! Kubadilisha jina la folda ya "admin" si ulinzi kamili, ingawa hupunguza roboti zinazobisha hodi usiku kucha.

Ushauri wa kuweka ruhusa 777, inayomwezesha kila mtumiaji wa seva kusoma na kubadilisha faili, ili "mambo yaende" siukubali hata kidogo. Faili la config.php lina nywila ya hifadhidata. Usakinishaji ukiisha, libaki la kusomwa tu.

Na masasisho je? Msaada rasmi wa Magento 1, programu nyingine ya maduka ya mtandaoni, ulikoma Juni 2020 pamoja na masasisho yake. Septemba mwaka huohuo, maduka ya Magento karibu 2,000, mengi yakiwa ya toleo hilo la zamani, yalipandikizwa msimbo wa kuiba taarifa za kadi za wateja, tena ndani ya siku chache tu. Wenye maduka wengine hawakujua kitu, maana mauzo yaliendelea kama kawaida.

Cheti cha HTTPS hutolewa bure na Let's Encrypt, hapo sina neno. Ila nakala rudufu inayokaa kwenye seva ileile ya duka siihesabu kuwa nakala.