Namba Tisa Arudi Nyuma

Katika gazeti letu la muhula huu natoa maoni yangu juu ya namna timu yetu ya mpira inavyoshambulia. Wengine watashangaa kuona maneno haya yametoka kwangu, maana mimi ndiye senta fowadi wa timu hiyo, na wenzangu bwenini huniita Bocco kwa sababu ya urefu. Lakini nimeyafikiri mambo haya tangu tuliposhindwa katika mashindano ya UMISSETA ya wilaya, na kwa kuwa muhula huu ni wa mwisho kwangu, naona si vema kuondoka na neno moyoni.

Wazazi ambao hawakuuona mchezo ule nawaeleza kwa ufupi. Golikipa wetu akiupata mpira, alinitafuta mimi. Beki akiupata, alinitafuta mimi. Mpira ulipanda juu, nami nikasimama chini yake pamoja na mabeki wawili wa wenzetu, mmoja mbele yangu na mmoja mgongoni, kama watu watatu wanaongoja embe moja lianguke. Mara chache niliupata kwa kichwa, lakini ukaangukia wapi? Hapakuwa na mtu wetu karibu. Tulifungwa mawili kwa bila. Viungo wetu wawili, vijana wafupi wa kidato cha pili ambao mpira huwatii miguuni, walishinda wakiutazama ukipita juu ya vichwa vyao. Mmoja wao ameniambia hataki tena kuja mazoezini, ati mpira wa shule hii ni wa warefu. Neno hilo limeniuma kuliko yale mabao mawili.

Baada ya mchezo watu walisema tumekosa nguvu. Mimi sikubali. Tumeshika desturi ambayo wale wanaocheza mpira kwa kazi wameanza kuiacha, na ushahidi haupo Ulaya tu, upo hapa hapa Tanzania.

Tazameni orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu wa 2018/19 alikuwa Meddie Kagere wa Simba kwa mabao 23, na msimu uliofuata alikuwa yeye tena, 22. Msimu wa 2020/21 akawa John Bocco mwenyewe, 16. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold, 17. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga alifunga 17, akalingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Ukimtoa Ntibazonkiza, hao wote ni senta fowadi halisi. Sasa endeleeni. Msimu wa 2023/24 wa kwanza alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21, na wa pili Feisal Salum wa Azam kwa 19. Msimu wa 2024/25 akawa Jean Charles Ahoua wa Simba, 16. Watatu hao ni viungo! Najua yupo atakayesema kwamba Ahoua alikuwa mpiga penalti. Ni kweli, lakini penalti haiji yenyewe. Sharti mtu awe ameingia ndani ya eneo, na mpira uko mguuni, si angani.

Wala sisemi kwamba senta fowadi hana kazi tena. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, wakalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya mabao ya ugenini tu, na Mayele akawa mfungaji bora wa mashindano yale kwa mabao 7. Mwaka huo huo akaondoka kwenda Pyramids ya Misri. Sisi watu wa Simba tulifurahi, tukadhani sasa Yanga watakosa wa kuwafungia. Kumbe mabao yalikuwa yanakuja kwa njia nyingine.

Yalikuja tarehe 5 Novemba 2023, na haya nayaandika kwa uchungu. Wakati ule nilikuwa bado mgeni hapa shuleni. Tulisikiliza redio ya mlinzi, tumekaa chini, wengine hata chakula hawakula. Hadi mapumziko ilikuwa moja kwa moja. Ulipokwisha mchezo ilikuwa matano kwa moja, na sisi ndio wenye moja. Katika yale matano ni moja tu, la Kennedy Musonda, lililofungwa na senta fowadi. Maxi Nzengeli alifunga mawili, Aziz Ki moja, na Pacome Zouzoua moja la penalti, nao hao hutokea nyuma au pembeni. Mwalimu wa Yanga siku zile alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina.

Likizo ilipofika nikaenda katika kibanda cha kuonyesha mpira, nikayaona mabao yale kwa macho yangu. Tangu hapo kila niutazamapo mpira wa ligi sitazami tena mpira wenyewe, namtazama senta fowadi asiye na mpira. Anasogea pembeni, au anarudi nyuma kuelekea kwa viungo wake. Hapo beki wa kati yu mashakani. Akimfuata, ameacha mlango wazi nyuma yake. Asipomfuata, amemwachia apokee mpira kwa raha, ageuke, atazame mbele. Akimfuata, basi kiungo anapita mbio katika nafasi ile ile iliyoachwa, na mara nyingi hakuna mtu aliyeambiwa amkabe yeye. Senta fowadi hakugusa mpira, wala jina lake halitatajwa redioni, lakini bao ni lake nusu.

Jambo hili si geni kabisa. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungary waliwafunga Waingereza sita kwa matatu pale Wembley, kwao wenyewe. Nandor Hidegkuti, mwenye jezi namba 9, alicheza nyuma ya washambuliaji wenzake, na mabeki wa Uingereza hawakujua wamfuate au wamwache. Alifunga matatu. Jambo geni ni kwamba siku hizi hata golikipa yumo katika shambulio, nalo limeletwa na sheria. Mwaka 1992 golikipa alikatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, kwa hiyo ikampasa kujifunza kuutumia mguu wake. Mwaka 2019 beki akaruhusiwa kuupokea mpira wa goli kiki ndani ya eneo la penalti. Ndiyo maana tunaona timu zikipigiana pasi karibu na goli lao, na watazamaji wakishika vichwa. Nia yao ni kumvuta adui aje juu, aache uwazi nyuma yake. Kwa golikipa wetu na mabeki wetu sithubutu kuwaomba hayo. Mwalimu wa michezo angenifukuza.

Nilipomweleza mawazo yangu, mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, hao wanacheza juu ya zulia. Wewe una kiwanja cha Kibiti." Neno lake lina uzito. Wakati wa masika kiwanja chetu hufanana na shamba la mpunga, na pasi ya chini hukwama njiani. Siku ya namna hiyo nami nitaupiga juu bila haya. Lakini masika si mwaka mzima, na siku tuliyofungwa kiwanja kilikuwa kikavu, vumbi tupu.

Tena mpira wa chini mimi sikuuona kwanza kwa Yanga. Kwetu ni Mbwera, huko Delta. Huko tulipokuwa watoto tulingoja maji yapwe, tukacheza ukingoni, mikoko upande mmoja na mto upande wa pili. Mwenye kubutua mpira uliingia majini, na sheria yetu ilikuwa moja: aliyeupiga ndiye aufuate. Nao wakubwa walikuwa wamekwisha kututisha kwa habari za mamba. Basi kila mtu alipiga pasi fupi, akasogea, akapokea tena, na aliyesimama mahali pamoja alizama katika tope hadi kifundo. Hayo niliyajua nikiwa na miaka minane au tisa. Nilipokuja shuleni nikarefuka, wakanipeleka mbele, wakaniambia nisimame.

Ninaloomba ni dogo. Kabla ya mtihani wetu tumebakiwa na mchezo mmoja, dhidi ya timu ya walimu. Nimekwisha kusema na kepteni, naye ametikisa kichwa mara mbili kisha akakubali. Jezi namba 9 nitaivaa, lakini nitaanzia kwenye duara la kati, na wale vijana wawili wa kidato cha pili watapita mbele yangu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Yule aliyesema haji tena nimemfuata bwenini kwake, amesema atakuja kwa siku hiyo moja, aone. Golikipa ameahidi kuutoa mpira kwa mkono. Tukifungwa, mtajua ni wazo la nani, na walimu wasije wakasema hawakuambiwa mapema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne